Sura ya Saba: Kazi Isiyolipwa ni ya Nani?

Tumchukue kijana wa Kakuyuni. Simpi jina, maana yuko katika kila kijiji kuanzia Ganda hadi Jilore, na ukimwita kwa jina moja watageuka kumi. Ana kamera ya mtumba, kompyuta ndogo ambayo betri yake haikai, na simu inayofanya kazi zote zilizobaki. Jumamosi anapiga video ya harusi. Katikati ya wiki anapiga matanga, kwa kuwa siku hizi mazishi makubwa ya Kigiriama hayapiti bila mtu wa kamera. Siku nyingine anashuka Malindi au Watamu kwa bodaboda na matatu, begi kifuani, kwenda kupiga picha za vyumba vya wageni. Mwaka wa uchaguzi ukifika, anachora mabango ya wagombea wa wadi hadi usiku wa manane, na huyo ndiye mteja mbaya kuliko wote, kwa sababu akishindwa hana pesa na akishinda hana muda.

Basi mwenye hoteli moja ya Watamu anamwita. Wanaelewana kwa mdomo, kando ya bwawa la kuogelea: picha arobaini za vyumba, chakula na ufuo, kwa shilingi 30,000. Arbuni ya 10,000 inaingia kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Kijana anapiga, anasafisha picha usiku, anazituma. Zinapendeza. Wiki haijaisha ziko kwenye ukurasa wa Facebook wa hoteli na kwenye tovuti zinazouza vyumba kwa wageni wa Ulaya. Shilingi 20,000 za salio ndizo hazionekani.

“Bosi, habari za asubuhi. Nilikuwa nakumbushia salio la ile kazi.”

“Sawa kijana wangu. Niko kikaoni, nitakupigia.”

“Shikamoo bosi. Bado nasubiri, tafadhali.”

Tiki mbili za buluu, na kimya.

Hapo ndipo kijana anapojiambia maneno ambayo karibu kila mbunifu wa Pwani hujiambia: kama hajalipa, picha bado ni zangu. Nitamshtaki kwa hakimiliki. Nitaripoti ukurasa wake uzimwe. Anayaamini kwa dhati, na wenzake kwenye kundi la WhatsApp wanamuunga mkono, maana hata akili ya kawaida inayakubali. Mtu hapati kitu cha dukani bila kulipa. Kwa nini apate picha?

Sheria ya Kenya haiko upande wake. Ni jambo chungu, na ndilo sababu ya sura hii.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inaanza vizuri: hakimiliki ya kazi ni ya mtunzi wake. Kisha linafuata sharti dogo linalogeuza mambo. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Soma sharti hilo mara mbili, kisha utafute neno “malipo” ndani yake. Halimo. Sheria haisemi aliyeagiza na kulipa, wala aliyeagiza na kuahidi kulipa. Kuagiza kunatosha.

Kwa hiyo mwenye hoteli, aliyelipa theluthi moja na kunyamaza, anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kwa uso mkavu kwamba picha ni zake. Deni analo, sawa, lakini deni ni jambo jingine. Kijana aliyedhani ana silaha mbili, deni na hakimiliki, anakuta amebakiwa na moja.

Wengi hudhani sheria hii tuliachiwa na Waingereza kama ilivyo. Waingereza wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Katika sheria yao ya 1956, aliyeagiza picha alipewa hakimiliki kama alikuwa amelipa au amekubali kulipa, kwa pesa au kwa kitu chenye thamani ya pesa. Afrika Kusini bado wanatumia kipimo cha namna hiyo kwa picha zinazoagizwa. Waingereza walikuja kuliondoa kabisa sharti lao kwa sheria ya 1988, na tangu hapo mpiga picha wa London anayefanya kazi kwa kuagizwa hubaki na hakimiliki hadi atie sahihi ya kuihamisha. Mwaka huohuo Nigeria ilibadilisha upande: kazi iliyoagizwa ni ya mtunzi kwanza, isipokuwa mkataba wa maandishi useme vingine. Uganda, kwa sheria yao ya 2006, wako upande wetu wa meza.

Lagos na Kampala, basi, zinatoa majibu mawili tofauti kwa swali moja, na mpiga picha wa Kakuyuni yuko chini ya jibu la Kampala. Mimi naona jibu hilo ni baya. Linampa mwenye nguvu kitu ambacho angeweza kukiomba kwa sentensi moja, na linamtaka mnyonge ndiye akumbuke kuandika sentensi hiyo. Bunge la Kenya limeirekebisha sheria hii zaidi ya mara moja, kubwa likiwa rekebisho la 2019, na sharti la kifungu cha 31 limesalia palepale.

Tofauti hii inaweza kuonekana ni ya mawakili tu hadi uitazame kesi ya James Earl Reid, mchonga sanamu wa Baltimore nchini Marekani. Mwaka 1985 shirika moja la Washington lililotetea watu wasio na makao lilimwagiza achonge sanamu ya familia iliyolala nje kwenye baridi. Shirika lilieleza linataka nini, likamtembelea akiwa kazini, likagharimia vifaa. Baadaye wakagombana kuhusu sanamu hiyo na nani ana haki juu yake. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1989 majaji wakaamua kwamba Reid hakuwa mwajiriwa wa shirika. Alikuwa fundi anayejitegemea, mwenye zana zake na karakana yake, na kwa hiyo kazi haikuwa mali ya shirika kwa sababu tu liliiagiza. Wabunifu wa Marekani huitaja hukumu hiyo hadi leo. Sasa ihamishe karakana ya Reid iwe Malindi, mbele ya kifungu cha 31, bila mkataba wowote. Hoja iliyomshindia kule, ya kwamba hakuwa mwajiriwa, hapa haimsaidii kitu, kwa kuwa sharti letu linamtaja waziwazi mwagizaji ambaye si mwajiri.

Wapo mawakili wanaosema hali si mbaya kiasi hicho. Wanaelekeza kidole kwenye kifungu cha 33, kinachotaka uhamisho wowote wa hakimiliki uwe wa maandishi na utiwe sahihi na anayehamisha. Mwenye hoteli yuko na karatasi gani? Hana. Hoja ni nzuri, na wakili mwenye moto anaweza kuipeleka mbali. Jibu la upande wa pili ni kwamba kifungu cha 31 hakizungumzii mtu kuhamisha. Sheria yenyewe ndiyo inayohamisha, na sheria haihitaji sahihi ya mtu. Mabishano ya aina hii hutafuna miaka na pesa za mawakili, na yote kwa ajili ya shilingi 20,000. Sishauri mtu aweke riziki yake juu ya hoja hiyo.

Mlango uko kwingine, tena umeachwa wazi na sharti lenyewe: isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Kifungu hakisemi makubaliano hayo lazima yaandikwe na wakili, yapigwe muhuri au yawe na shahidi. Wanachohitaji wawili hao ni kukubaliana, na wewe unahitaji njia ya kuthibitisha kwamba mlikubaliana. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Uandike hivi, au kwa maneno yako:

“Bosi, nathibitisha kazi tuliyokubaliana: picha 40 kwa 30,000. Picha zote zitabaki mali yangu mpaka salio lote lilipwe, na kabla ya hapo hazitatumika popote. Ukimaliza kulipa, unaruhusiwa kuzitumia kutangaza hoteli. Kama ni sawa, tuma arbuni nianze.”

Uzito wa ujumbe huu uko katika wakati wake. Uende kabla ya arbuni kuingia. Ukiutuma baada ya kazi, huo si mkataba tena, ni malalamiko. Ukiutuma kabla, na bosi akajibu “sawa” au akatuma tu ile 10,000 bila neno, amekubali masharti kwa kitendo. Najua wabunifu wengi huona haya. Mteja ni mtu mzima, pengine ni rafiki wa mjomba, pengine ndiye aliyemtafutia kaka yako kazi ya bustani. Kumwandikia masharti ni kama kumwambia humwamini. Haya hiyo ina gharama yake, na ukiifuatilia utaikuta kwenye madeni ya vijana wengi wa Pwani. Njia ya kuipunguza ni kumtumia kila mteja maneno yaleyale, tajiri na maskini, jamaa na mgeni, ili asiwepo wa kudhani ameonewa. Fundi seremala wa Malindi mjini hatoi kitanda kabla ya salio, na hakuna anayemwona hana adabu.

Zamani studio hazikuhitaji masharti haya. Omar Said Bakor alipopiga picha Lamu, au wapiga picha wa studio za Mombasa wa enzi zake, mteja aliondoka na picha ya karatasi na hasi ya filamu ikabaki kwenye droo ya studio. Ukitaka nakala nyingine unarudi, unalipa. Asiyelipa hakupata picha, na mambo yakaishia hapo. Haikuwa lazima mtu ajue kifungu chochote. Faili la kompyuta limeivunja droo hiyo. Ukishalituma kwa barua pepe umetoa picha na hasi pamoja, na mteja anaweza kuzalisha nakala elfu moja kabla hujafika nyumbani.

Kwa hiyo usitume faili kubwa mapema. Tuma picha ndogo zenye jina lako katikati ili bosi achague, na zile safi zitoke siku salio linapoingia. Kuzuia kazi kwa namna hii hakutegemei hakimiliki hata kidogo. Ni suala la mkataba, nani anatangulia kutimiza ahadi, nawe una haki ya kusema mapema kwamba pesa ndizo zitakazotangulia. Wapiga video za harusi wanalijua hili kuliko wengine. Wapo wanaokaa na harusi nzima kwenye diski mwaka mzima, huku familia ikidai na wao wakidai, na maharusi wameshapata mtoto.

Je, kama ulituma ule ujumbe, bosi akakubali, kisha akatumia picha kabla ya kulipa? Sasa una silaha zote mbili. Deni lipo, na juu yake pana ukiukaji wa hakimiliki, kwa sababu makubaliano yenu yamezuia ule uhamisho wa kifungu cha 31. Unaweza kulalamika kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Unaweza kutumia njia iliyoletwa na rekebisho la 2019, ya kumwandikia mtoa huduma za intaneti aiondoe kazi iliyowekwa bila idhini. Usisubiri kwanza cheti cha usajili: hakimiliki huzaliwa pale kazi inapowekwa katika umbo linaloonekana au kusikika. Cheti cha KECOBO ni ushahidi mzuri wa nani alitangulia, lakini kutokuwa nacho hakukunyimi haki.

Asiyekuwa na ujumbe huo asikimbilie njia hii kwa hasira. Sheria hiyohiyo inamfanya mkosaji mtu anayetuma kwa uongo au kwa nia mbaya ombi la kuondoa kazi mtandaoni, na adhabu yake ni faini au kifungo. Mpiga picha anayeapa kwamba picha ni zake, wakati sharti la kifungu cha 31 limekwisha kumpa mwenye hoteli, anajiweka pabaya mwenyewe, na mdaiwa wake ndiye atakayecheka.

Kazi ambayo hukuagizwa ina hesabu nyingine kabisa, na bahati ya wengi imo humo bila wao kujua. Ukienda ufuoni alfajiri kwa hiari yako, ukapiga picha za ngalawa zikirudi, kisha hoteli ikazichukua kwenye ukurasa wako na kuzitumia, hapo hakuna aliyeagiza. Picha ni zako tangu mwanzo hadi miaka 50 ipite, na mwenye hoteli hana sharti la kujifichia. Muziki ndivyo ulivyo pia. “Jambo Bwana”, wimbo ambao kila mtalii aliyepita Pwani ameondoka nao kichwani, ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikipiga katika mahoteli ya Pwani, ukatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M wa Ujerumani walikuwa wameshaurekodi kwa namna yao. Hebu fikiria kama meneja wa hoteli angemwita Kalanda pembeni na kumwambia, nitungie wimbo wa kukaribisha wageni wangu, nitakupa kitu kidogo. Wimbo uleule, maneno yaleyale, ila umeagizwa. Kwa sharti tulilo nalo sasa, mtu wa kubishana na wawakilishi wa Boney M angekuwa ni meneja.

Kitu kimoja hakihami hata ukiagizwa na hata usipoandika chochote. Kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi haki mbili zinazohusu heshima yake, hata baada ya haki za kiuchumi kwenda kwa mwingine: kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na kupinga isipotoshwe kwa namna inayomharibia jina. Mwenye hoteli anaweza kuwa na picha; bado huwezi kulazimishwa unyamaze wakati picha hizo zinatembea kwa jina la mtu mwingine. Haki hii hailipi salio. Lakini barua fupi inayodai jina lako liwekwe chini ya kila picha, kwenye kila tovuti, huwa na njia ya kumkumbusha mtu kwamba kuna mazungumzo hayajaisha.

Turudi kwenye deni, maana kwa wengi ndilo litakalobaki. Mkataba wa mdomo ni mkataba nchini Kenya. Isipokuwa mambo machache kama ardhi na dhamana, sheria haidai karatasi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ilianza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikaendelea kufunguliwa katika miji mingine. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya huduma zilizotolewa bila kulipwa, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kwanza mwandikie mdaiwa barua ya madai: kazi gani, bei gani, kiasi gani kimelipwa, kiasi gani kimebaki, na siku ngapi unampa. Barua nyingi za aina hiyo hulipwa kabla ya kesi, kwa kuwa bosi huyohuyo aliyezoea kupuuza “nakumbushia” hushtuka akiona tarehe.

Ukifika mahakamani, nenda na simu yenyewe, si picha za skrini pekee. Mazungumzo ya WhatsApp na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka uambatane na cheti cha mtu anayeeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala zilivyotolewa. Mahakama hii haifungwi sana na kanuni za ushahidi, ila ukurasa mmoja ulioutia sahihi unamnyima mpinzani wako nafasi ya kusema ujumbe umeghushiwa. Usifute chochote, hata yale matusi uliyoandika usiku wa hasira. Mazungumzo yenye pengo katikati hutia shaka kuliko matusi.

Lipo pia suala la muda. Madai yanayotokana na mkataba hufungwa baada ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa hiyo kazi ambayo malipo yake yalitakiwa Machi 2021 inazimika Machi 2027. Wadaiwa wajanja hulijua hilo na huvuta siku. Wasichokijua ni kwamba, kwa sheria hiyohiyo ya ukomo, malipo ya sehemu ya deni huanzisha hesabu upya. Zile shilingi 500 ambazo bosi alituma siku ya Idi na kuandika “kaa nazo kwanza kijana wangu, nyingine nakuja nazo” zimempa kijana miaka 6 mingine, kuanzia dakika ileile iliyoandikwa kwenye ujumbe wa M-Pesa.